Mwaka Niliomsomea Bi Sakina

Tulikuwa tumekaa mkekani kina mama, Temeke, chini ya turubai lililofungwa kutoka ukuta wa nyumba ya marehemu mpaka geti la jirani, na nilikuwa nimeshalia machozi yangu nikaingia kwenye ile hatua ya msiba ambayo mtu anaanza kuangalia miguu ya wenzake. Kwa umri wangu misibani ndiko tunakokutana. Aliyefariki alikuwa Fundi Kibwana, mchomeleaji, mtu tuliyefanya kazi naye nikiwa na miaka ishirini na tatu, na nilijua nitakutana na sura za zamani, ila si ile. Niliona viatu vyeusi vya kitambaa, vidogo, vimewekwa ukingoni mwa mkeka, na mkono wa mwanamke ukivigusa kimoja kimoja, ukavisogeza hadi visigino vikalingana. Kabla sijainua uso nilishajua. Sijaona mtu mwingine hapa Dar anayepanga viatu kwa vidole namna hiyo.

"Bi Sakina," nikasema. "Shikamoo."

Alinigeuzia sikio, si uso. "Marahaba." Akainama karibu. "Sema tena."

"Shikamoo, Bi Sakina."

"Atupele. Umenenepa. Sauti imeshuka mpaka tumboni."

Nilitaka kucheka, nikakumbuka niko wapi. Binti aliyekuwa amemshika mkono akajitambulisha kwamba ni mtoto wa kaka yake, na kwamba shangazi amerudi kutoka Mombasa tangu baba alipofariki, sasa wanakaa wote Kinondoni. Nikaitikia kama mtu mwenye akili timamu. Miaka yote hiyo nilikuwa nimejiaminisha kwamba Bi Sakina ameshakufa na hakuna aliyekumbuka kuniambia, na niseme tu wazi, aibu yangu mwenyewe, wazo hilo lilikuwa linanipunguzia mzigo. Maana kuna jambo nilimfanyia na sikuwahi kumwambia. Yeye akanibonyeza kiganja akasema hapa si mahali pa maongezi, tumsitiri Fundi kwanza, kesho nije nyumbani ninywe chai. Nikasema nitakuja. Jioni ile nikapanda juu ya kiti, mwanamke mzima mwenye magoti mabovu, nikashusha sanduku lililo juu ya kabati na kutafuta karatasi moja.

Ya kwetu Mbeya nayaacha, na nilivyofika mjini nayaacha pia. Naanzia pale nilipokuwa na cheti changu cha ufundi sanifu mkononi na kichwa kikubwa kuliko cheti. Karakana, ya kufunga mabomba ya mvuke viwandani, ilikuwa Buguruni, nyuma ya soko, kwenye uwanja uliokuwa ghala la katani zamani. Ofisi ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa plaiwudi: upande wa mbele alikaa mwenye karakana, Bwana Murtaza, mtu mrefu mwenye haraka, aliyeongea na simu huku anatembea mpaka waya unamrudisha. Upande wa nyuma tulikaa mie na dada yake, Bi Sakina, meza zetu zimegusana, dirisha la nondo linatazama uwanjani. Kulikuwa na feni iliyogeuka nusu tu kisha ikajuta na kurudi, kabati la chuma lenye madaftari ya bidhaa za viwandani, na harufu ya mpira uliochomwa iliyochanganyika na tangawizi ya chai yake. Treni ikipita vikombe vinatetema, na Bi Sakina anaweka kiganja juu ya chake bila kuacha kuongea. Hakuwa na cheo chochote pale. Kaka alileta kazi, dada akasema kazi itafanyikaje, na mafundi wote walijua hesabu ikishapita kwake imepita.

Kazi yangu ilikuwa kuchagua ekspansheni. Nieleze kidogo, maana hata wanangu hawajui mama yao alikuwa anafanya nini kabla hajawa mwalimu wa chuo. Bomba la mvuke likipata moto linarefuka. Bomba la hatua ishirini hivi linaongezeka kama upana wa vidole viwili, na chuma kikitaka kurefuka hakimwombi mtu ruhusa: kitabomoa ukuta, kitang'oa kitako cha boila. Kwa hiyo katikati ya bomba tunaweka ekspansheni, kipande kifupi chenye makunyanzi ya chuma chembamba, sie tuliyaita marinda, kama marinda ya sketi ya shule. Bomba likirefuka, marinda yanajikunja, kila mtu anakaa salama. Kosa linakuja pale bomba linapokata kona, kwa sababu hapo haliyasukumi marinda kwa urefu peke yake. Ule upande mwingine wa kona nao unarefuka, na unayavuta marinda kwenda pembeni. Hilo mie nililisoma chuoni kwa mistari mitatu, nikapiga mstari chini yake kwa wino mwekundu, nikafikiri nimelijua.

Palikuwa na utaratibu ambao sijauona kwingine, na baba yao ndiye aliyeuanzisha. Anayechagua marinda anaandika jina lake kwa chaki kwenye bomba, pembeni mwa marinda yenyewe. Siku bomba linapopashwa moto mara ya kwanza, anasimama hapohapo na rula, anataja kwa sauti limesogea kiasi gani, na fundi aliyeshika valvu anaongeza mvuke kidogo kidogo huku anamsikiliza. Hatumwi mtu mwingine. Bwana Murtaza alisema baba yao aliamini kwamba mtu akijua atakuja kusimama pale mwenyewe, hesabu zake atazifanya kwa adabu. Na kabla ya yote hayo karatasi ya hesabu lazima iwe na saini ya Bi Sakina.

Mwezi wangu wa pili pale ndipo nilipojua kwamba Bi Sakina haoni. Lilikuja daftari jipya la bidhaa kutoka kwa wauzaji wapya, karatasi zinang'aa, na namba zote ni tofauti na zile za zamani. Nikamuuliza marinda ya kipimo fulani yanakubali kujikunja kiasi gani. Akalifungua, akaliinamia, kidole kikashuka polepole kwenye jedwali kikasimama, akanitajia namba. Ilikuwa namba ya daftari la zamani. Nikauliza nyingine. Akashusha kidole, akasimama, akanitajia ya zamani. Nikamtazama yule mama, ambaye hakuwa hata amefika miaka hamsini, jinsi alivyoshika ukurasa asioweza kuusoma na uso umetulia kabisa, nikaelewa kwamba daftari lote la zamani alikuwa amelihifadhi kichwani ukurasa kwa ukurasa, na kwamba tangu lini sijui alikuwa anaishi kwa kumbukumbu, hata hatua za kutoka mezani mpaka getini.

Ningeweza kumwambia kaka yake. Lakini wiki hiyohiyo nilikuwa nimemsikia Bwana Murtaza kupitia plaiwudi, plaiwudi ile haikuficha kitu, akimwambia mtu kwenye simu: "Sakina anachoka siku hizi. Namwona. Akishindwa nampeleka kwa dada yetu Mombasa akapumzike, mwanamke ameshafanya kazi vya kutosha." Aliongea kwa upendo, na ndiyo maana ilitisha. Upande huu Bi Sakina alikuwa anachovya mkate kwenye chai. Mkono ukasimama katikati ya kikombe na mdomo, kisha ukaendelea. Mchana huo hakula.

Basi nikatafuta njia. Saa saba tulikuwa tunakula pamoja mezani. Yeye anafungua bakuli zake za chuma za kupandana, wali wa dengu, mtindi wa viungo, chapati nyembamba kama leso, na mie natoa ugali na maharage ya nazi ya mama ntilie wa getini. Alisema anaonja tu, na alionja mpaka nikaanza kununua ya watu wawili. Siku moja nikamwambia, huku natafuna ili isionekane ni jambo, "Bi Sakina, hizi namba mpya mie siziwezi kushika mpaka nizisome kwa sauti. Chuoni nilikuwaga hivyohivyo. Nikikusumbua uniambie."

Akafuta vidole taratibu, kimoja kimoja.

"Soma," akasema. "Soma polepole, ndiyo utashika."

Na ndivyo ulivyokwenda mwaka ule. Kila mchana kurasa tatu, nne, mie nasoma yeye anatafuna, na kesho yake anaulizwa na fundi namba mpya anaitaja bila kufungua kitu. Karatasi za hesabu nazo nikawa namsomea kabla hajasaini, natia kalamu mkononi mwake na kuweka kidole chake kwenye mstari, kisha tunaendelea na umbea wa mtaa. Hatukulizungumza hata mara moja. Fundi Kibwana alijua, nadhani, kwa sababu siku moja aliingia na vipimo vimeandikwa kwenye kipande cha boksi, akamwangalia Bi Sakina, akaniangalia mie, akanipa mie. "Msomee mama yako," akasema, akatoka. Nilikuwa na furaha mwaka ule, furaha ambayo sikuijua jina. Nilikuwa mbali na kwetu na nilikuwa na mtu wa kumsomea.

Lakini nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Karatasi zilikuwa na jina langu juu na saini yake chini, na mafundi waliangalia saini. "Imepita kwa Bi Sakina? Basi twende." Hakuna aliyeuliza nani kachagua. Kila niliposoma alinikatiza, "rudia hapo", "umesahau uzito wa maji", na kila mara alikuwa sawa. Nikaanza kuona choyo. Nilimpenda na nilimwonea choyo, yote mawili kwenye meza moja, na asiyewahi kuonea choyo mtu anayempenda namsifu, mie si huyo.

Ikaja kazi ya kiwanda kimoja cha sabuni. Bomba la mvuke linatoka nyumba ya boila, linavuka uwanja juu ya nguzo, linakata kona, linaingia kwenye jengo la masufuria makubwa ya kupikia. Nikaenda kupima mwenyewe. Nikapiga hesabu: upande mrefu utayakunja marinda milimita thelathini, upande mfupi wa kona utayapeleka pembeni milimita tisa. Nikafungua daftari jipya, kurasa ambazo tulikuwa hatujazifikia kwenye kusoma kwetu, nikayaona marinda mafupi mazuri yanayoenea pale. Safu ya kujikunja: arobaini. Zangu thelathini, sawa. Safu ya kwenda pembeni: kumi na mbili. Zangu tisa, sawa. Nikaandika sawa mara mbili, nikaipenda karatasi yangu kama mtu anavyopenda picha yake mwenyewe.

Siku hiyo sikumsomea. Nitasema sababu bila kuipamba: nilitaka kimoja kiwe changu. Tulikuwa tumemaliza kula. Nikaweka karatasi mbele yake.

"Hii ya sabuni?" akauliza.

"Ndiyo, Bi Sakina."

Akasubiri. Feni ikaenda ikarudi.

"Umeipitia mwenyewe?"

"Nimeipitia."

"Vizuri?"

"Vizuri."

Akanyoosha mkono. Nikatia kalamu, nikaweka kidole chake kwenye mstari, akasaini. Saini yake ilikuwa nzuri siku zote, haikuwahi kutoka nje ya mstari kwa sababu kidole changu kilikuwepo.

Asubuhi ya kupasha bomba Bi Sakina alisema anakuja. Hakuwaga na kawaida hiyo. Kaka yake akashangaa, akasema kule kuna joto na kelele, yeye akachukua mkoba wake akaenda kukaa kwenye gari, basi ikawa imekwisha. Kiwandani wakamletea kiti cha plastiki wakakiweka uwanjani, chini ya jukwaa la mbao tulilofunga kulizunguka bomba. Mie nilipanda juu na rula. Pale pembeni ya marinda palikuwa na chaki yangu, ATUPELE, herufi kubwa kuliko ilivyolazimu. Fundi Kibwana alikuwa kwenye valvu, upande wa boila, kwa umbali wa mtu kuita na kusikika. Bwana Murtaza alisimama na meneja wa kiwanda kivulini.

Mvuke ukaingia. Bomba likaguna, kama yanavyoguna yote. Nikaanza kutaja kwa sauti yangu ya kichwa kikubwa: kujikunja tano, pembeni moja na nusu. Fundi akaongeza. Kumi, pembeni tatu. Kila kitu kilikuwa kinatembea kama nilivyoandika, na nilikuwa nimeshaanza kutabasamu. Kumi na tano, pembeni nne na nusu.

"Atupele," Bi Sakina akaita kutoka chini. "Daftari linasema yanakubali kujikunja ngapi?"

"Arobaini, Bi Sakina."

"Na pembeni?"

"Kumi na mbili."

Fundi akaongeza. Nikapima. "Ishirini. Pembeni sita."

"Funga, Fundi," akasema Bi Sakina. Hakupaza sauti sana. Fundi Kibwana alifunga bila kumtazama bosi, na hilo nitalikumbuka daima, mtu hakuuliza kwa nini.

"Ishirini kwenye arobaini ni kiasi gani, Atu?"

"Nusu."

"Sita kwenye kumi na mbili?"

"Nusu."

"Nusu na nusu?"

Niliinama nikayaangalia marinda kwa macho, siyo kwa rula. Upande mmoja yalikuwa yamebanana hata kucha isingepita, upande wa pili yamefunguka na kuvutika mpaka chuma kimebadilika rangi. Yalikuwa yametumia nguvu yake yote, na mvuke ulikuwa bado theluthi nzima haujaingia. Arobaini ile ya kwenye daftari ni ya marinda yanayojikunja tu. Kumi na mbili ile ni ya yanayokwenda pembeni tu. Nilikuwa nimeyapa kazi mbili na kuyahesabia kila moja kama vile nyingine haipo. Uso wangu ulikuwa mkono mmoja kutoka pale ambapo yangepasuka. Nikateremka ngazi, na nilipofika chini Bi Sakina alinitafuta bega kwa mkono, akalipata, akauacha mkono pale.

Bwana Murtaza akaja na karatasi. Hakufoka, hakuwa mtu wa kufoka mbele ya wageni. "Sakina, hii ina saini yako."

Hapo ndipo ilikuwa zamu yangu. Nilihitaji neno moja tu: sikumsomea. Lakini nikilisema hilo, nimeshatangaza uwanjani kwamba haoni, na Mombasa inamsubiri. Nikinyamaza, kosa ni lake. Niliambiwa baadaye na moyo wangu kwamba nilinyamaza kwa ajili yake. Moyo muongo. Nilinyamaza nusu kwa ajili yake na nusu kwa ajili ya kazi yangu, na sijui nusu ipi ilikuwa kubwa.

"Nilikagua mimi, kaka," akasema. "Nikajumlisha vibaya."

Kaka yake akamwangalia. Watu walioishi na Bi Sakina miaka yote hawakuwahi kumsikia amejumlisha vibaya hata idadi ya chapati. Akakunja karatasi, akasema haya, tutabadilisha, akaenda kwa meneja. Fundi Kibwana alipita nyuma yangu akikusanya zana, akasema kwa chini, "Mama yako amekubeba leo, binti. Usimwangushe." Kile kiti cha plastiki nilikirudisha mwenyewe.

Kesho yake mchana sikuleta maharage. Bi Sakina alichukua chapati moja akaiweka katikati ya meza. "Marinda ni hii," akasema. "Ni moja. Wa urefu akija anakula hapa." Akachana nusu. "Wa pembeni akija hapewi nyingine. Anakula hiyohiyo iliyobaki. Na wa kupinda naye akitokea, hapohapo. Unajumlisha walichokula. Ikizidi chapati moja, tafuta marinda makubwa." Akanisukumia nusu. Nikaanza kulia juu ya chapati ya watu. Nikasema nitakwenda kumwambia Bwana Murtaza ukweli wote. Akaacha kutafuna.

"Ukweli upi?"

"Kwamba kosa ni langu."

"Na atakuuliza mbona mimi sikuliona. Utasema nini?"

Nikaisogeza chapati pembeni.

"Ukisema, umenitoa kwenye kiti hiki," akasema. "Kula."

Tukachagua upya, yale marefu, mafungu mawili ya makunyanzi yenye kipande cha bomba katikati, na safari hii nilimsomea kila mstari mpaka jina la kiwanda. Yalikaa vizuri. Lakini kuanzia wiki hiyo Bwana Murtaza alianza kupitia hesabu za dada yake kwa kikokotoo, upande wa pili wa plaiwudi. Alikuwa anafanya kwa siri, masikini, anadhani hatusikii. Tulisikia kila kitufe. Bi Sakina alikaa na kiganja juu ya kikombe kana kwamba treni inapita, na mie nilikaa mbele yake na ulimi wangu mzima mdomoni.

Kabla mwaka haujaisha alijikwaa kwenye ngazi ya mlango akavunjika mkono, na hospitalini wakampima na macho, siri ikaisha yenyewe. Akaenda Mombasa. Kiti chake nilipewa mie, na kwenye jalada la kazi ya sabuni nikaikuta ile karatasi, nikaichukua. Nilikaa juu yake miaka sita, nikaenda kufundisha, na kila mwaka nimechana chapati mbele ya darasa, wanafunzi wanacheka, wanaelewa. Nimewaambia ni mbinu ya mwalimu wangu mmoja. Sijawahi kuwaambia niliipata kwa namna gani.

Basi nikaenda Kinondoni, na karatasi kwenye mkoba. Nyumba ni ghorofa ya kwanza, sebule ndogo, redio imewashwa kwa chini. Chai ilikuwa na tangawizi ileile. Tulimwongelea Fundi Kibwana kwanza, alivyokuwa anaficha kofia yake ya kuchomelea ili mtu asiiazime, na Bi Sakina akacheka mpaka akajifuta macho, maana macho yasiyoona machozi yanayo. Kisha nikasema. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri kwenye bajaji, yote yakapotea.

"Bi Sakina, ile karatasi ya sabuni sikukusomea. Niliificha makusudi. Nilitaka kimoja kiwe changu. Na wewe ukabeba."

Aliweka kiganja juu ya kikombe. Hapa hakuna treni.

"Atu, mimi sioni, lakini nilikuwa nasikia," akasema. "Mtu aliyenisomea kila karatasi miezi minane, siku moja ananipa moja kimya, nisijue?"

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa ulisaini kwa nini?"

Binti wa kaka yake alichungulia mlangoni, akarudi jikoni.

"Nilikuwa nakukatiza kila mstari. Nikasema mtoto huyu atakua lini. Nikasema awe na kimoja chake." Akatikisa kichwa. "Halafu usiku mzima sikulala. Nikamwambia kaka nakuja, ili angalau nizisikie zile namba wakati unazitaja. Ule uongo uwanjani nililipia saini yangu, sikulipia yako. Kwa hiyo usinibebee cha kwangu miaka yote hii, umri wenyewe umekwenda."

Nililia tena, mbele ya mtu yuleyule, safari hii bila chapati. Alinisubiri. Nilipomaliza nikamwambia ninayo. Akauliza nini. Nikasema karatasi yenyewe, nimeitunza.

"Nisomee," akasema.

Nikavaa miwani. Karatasi imekuwa ya kahawia, kwenye mikunjo imetoboka. Nikamsomea polepole, jina la kazi, urefu wa bomba, joto la mvuke, kujikunja thelathini kwenye arobaini, pembeni tisa kwenye kumi na mbili, sawa, sawa, na jina langu juu. Alisikiliza kichwa kimeinama, midomo ikitembea kidogo, kama zamani. Nikaweka karatasi kwenye meza, nikatia kalamu mkononi mwake, nikaweka kidole chake pale chini, juu ya saini yake mwenyewe ya miaka ile.

Akairudisha kalamu.

"Robo tatu na robo tatu," akasema. "Imezidi. Hii sisaini, Atu. Nenda ukachague nyingine."

Nikamwambia sawa, Bi Sakina.